Memori Isiyo na Mwenyewe

Ijumaa moja jioni mwenzangu wa ofisini alinigeuzia kioo cha kompyuta yake. "Dada, imelala," akasema. Mstari wa memori ya seva yetu, uliokuwa ukipanda siku hadi siku mpaka kerneli ya Linux inaiua programu katikati ya kazi, sasa ulikuwa umenyooka. Watu wakapongezana, wakafunga mabegi, wakawahi magari ya Mbagala na Gongo la Mboto.

Hatukuwa tumebadilisha hata herufi moja ya msimbo.

Tulichofanya ni kuweka kigezo kimoja kwenye mazingira ya programu, MALLOC_ARENA_MAX, kinachoweka kikomo cha mafungu ya memori (arena) ya programu, tukakipa thamani ya 2, tukaiwasha programu upya. Wenzangu walipoondoka nilibaki nautazama ule mstari na moyo haukutulia. Kama memori ilikuwa ikivuja, yaani programu inaichukua bila kuirudisha, na palipokuwa pakivuja hatukupagusa, basi kilichonyooka ni nini hasa?

Swali hilo lilinikaa kichwani wiki kadhaa. Naliandika hapa kwa sababu kila ninapozungumza na waandishi wa programu wenzangu nasikia kigezo hichohicho kikipendekezwa kabla mtu hajapima chochote.

## Namba moja, hali tatu

Programu yenyewe inapokea taarifa za mahali kutoka kwenye vifaa vya GPS vilivyofungwa kwenye malori. Mengi yanatoka bandarini Dar es Salaam kwenda Tunduma, mengine yanavuka mpaka kuelekea Zambia na Lubumbashi. Imeandikwa kwa C++ na ina nyuzi nyingi, yaani mikondo ya kazi inayokwenda kwa pamoja: nyuzi za kupokea, nyuzi za kuandika kwenye hifadhidata, na uzi mmoja wa vipima muda.

Namba tuliyokuwa tukiichora kwenye grafu ni RSS, yaani memori halisi ambayo programu imeikalia kwa wakati huo. Ni namba nzuri ya kujua kama seva itaanguka usiku. Ni namba mbaya sana ya kujua kwa nini.

Ndani yake zimo hali tatu zisizofanana. Ipo memori iliyopotea: programu iliiomba, ikapoteza pointa yake (anwani inayoonyesha iko wapi), na hakuna tena njia ya kuifikia. Ipo memori iliyoshikiliwa: pointa ipo, njia ipo, lakini hakuna atakayeihitaji tena maisha yake yote. Halafu ipo memori ambayo programu imeshairudisha kwa uaminifu kabisa, ila mgawaji wa memori, yaani msimbo unaoipa programu memori na kuipokea ikirudishwa, ameiweka akiba badala ya kuikabidhi kwa mfumo.

Ukiitazama RSS peke yake huwezi kuzitofautisha. Zote zinapandisha mstari uleule, na kila moja ina dawa yake.

## Arena zilitoka wapi

Mgawaji wa memori anayekuja na Linux nyingi, ule wa glibc (maktaba ya msingi ya lugha ya C), una ukoo mrefu. Doug Lea alianza kuandika mgawaji wake mwaka 1987, enzi ambazo programu kwa kawaida ilikuwa na mkondo mmoja tu wa kazi. Wolfram Gloger akauchukua, akautengenezea namna ya kuhudumia nyuzi nyingi, na huo ndio ulioingia glibc.

Tatizo alilokuwa akilitatua ni la kweli. Nyuzi zote zikiomba memori kutoka sehemu moja, zote zinagombea kufuli moja, linaloruhusu uzi mmoja tu kwa wakati. Ukinunua mashine yenye viini 16 vya kichakataji, nyuzi zako zinakaa kwenye foleni. Kwa hiyo memori ikagawanywa katika arena, kila arena na kufuli lake. Kwenye mashine za biti 64, glibc inaruhusu arena hadi mara 8 ya idadi ya viini. Viini 16 vinaweza kuzaa arena 128. Nyingi ya hizo hujitengea eneo la anwani la MB 64 kwa mkupuo, ndiyo maana ukiendesha pmap, amri inayoorodhesha maeneo ya memori, kwenye programu ya namna hii unakutana na mistari mingi ya maeneo ya ukubwa huo, kila moja likiwa limetumika kipande tu.

Kutenga anwani si kutumia memori halisi. Hilo linasahaulika haraka, na watu huona namba kubwa wakashtuka bure.

Gharama yenyewe inajitokeza kwenye kurudisha. Kipande kilichoombwa na uzi mmoja kikaachiwa na uzi mwingine hurudi kwenye arena kilikotoka, isipokuwa vipande vichache ambavyo uzi ulioachia hujiwekea karibu, mpango ulioingia na glibc 2.26 mwaka 2017. Na kwa kawaida arena hupunguzwa kuanzia juu. Fikiria rundo la magunia ghalani ambalo mtunza stoo anaruhusiwa kushusha la juu tu. Gunia moja la juu likiwa la mtu ambaye hajaja kulichukua, yote ya chini yanabaki hapo hata kama ni matupu.

Zidisha hali hiyo kwa arena 128.

Hii ndiyo sababu skripti za Hadoop, mfumo wa kuchakata data nyingi, huweka MALLOC_ARENA_MAX kuwa 4, na ndiyo sababu ushauri wa kuweka 2 umeenea sana miongoni mwa watu wa lugha ya Ruby. Si ushauri wa ovyo. Ukipunguza arena unapunguza akiba inayolala, na unalipa kwa nyuzi kugombea kufuli zaidi. Kwa programu nyingi malipo hayo hayaonekani.

Kwa hiyo maelezo yalikuwepo, na yalikuwa maelezo mazuri. Tatizo langu ni kwamba yalieleza kwa nini mstari ulikuwa juu. Hayakueleza kwa nini ulikuwa ukipanda bila kikomo. Idadi ya arena ina mwisho. Akiba nayo, mzigo wa kazi ukiwa uleule, hufika mahali ikatosheka.

## Kima cha chini

Kipimo kilichonitoa kwenye kubahatisha ni malloc_trim. Tangu glibc 2.8, wito huo hupita kwenye arena zote na kuurudishia mfumo kurasa (vipande vya memori) nzima zisizotumika, hata zile za katikati. Nikaongeza amri ndogo ya ndani inayouita wito huo usiku, malori mengi yakiwa yameegeshwa, kisha inaandika RSS ilikuwa ngapi kabla na ngapi baada.

Mantiki ni rahisi. Kama yote ni akiba ya mgawaji, kinachobaki baada ya kusafishwa kitakuwa kilekile kila usiku.

Hakikuwa kilekile. Kila usiku RSS ilishuka sana, na kila usiku ilisimama juu kidogo ya pale iliposimama jana. Kwenye grafu ya kawaida, yenye mizani ya GB, mwinuko huo haukuonekana kwa macho. Kigezo cha arena kilikuwa kimeondoa kelele kubwa, na chini ya kelele kulikuwa na kitu kingine, kidogo, kisichochoka.

Tangu hapo sitazami vilele vya grafu ya memori. Vilele vinaniambia kazi ilikuwa nyingi kiasi gani mchana. Ninatazama mabonde.

## Zana zinajibu swali lipi

Valgrind ni zana ya kutafuta makosa ya memori ninayoiheshimu sana. Julian Seward aliitoa mwaka 2002 na imeokoa kazi za watu wasiohesabika. Lakini inaendesha uzi mmoja tu kwa wakati mmoja, na inaipunguza programu kasi mara 20 hadi 30 hivi. Hitilafu inayotokea kwa sababu nyuzi mbili zimepishana kwa namna fulani inaweza isitokee kamwe chini yake, kwa sababu kupishana kwenyewe kumebadilika. LeakSanitizer, zana nyingine ya kutafuta memori iliyopotea, ni nyepesi zaidi, inaziacha nyuzi ziende sambamba, na mwishoni inazisimamisha zote na kupekua staki na rejista zao (mahali uzi unapoweka vitu vyake vya muda) kutafuta pointa zilizobaki.

Zote mbili ziliniambia jambo lilelile. Hakuna memori iliyopotea.

Hapo nilikwama kwa muda, na nadhani hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kurudi kwenye kuwasha upya kila usiku. Ripoti safi ina uzito. Inakufanya uanze kushuku vipimo vyako.

Ila zana hizi zinajibu swali moja tu: je, bado kuna njia ya kuifikia memori hii? Haziulizi kama kuna mtu atakayepita kwenye njia hiyo. Haziwezi kuuliza, kwa sababu kujua kama programu itatumia kitu siku za usoni ni jambo ambalo kwa ujumla haliwezi kukokotolewa. Zaidi ya hapo, kwa kawaida hutoa ripoti programu inapofunga. Programu yetu inafunga kistaarabu: inasimamisha nyuzi, inabomoa majedwali, inaachia kila ilichokishika. Kufikia dakika ya ukaguzi ushahidi umeshafagiliwa.

Nikahamia heaptrack, inayorekodi kila ombi la memori pamoja na mlolongo wa miito ulioliomba. Hiyo ilinipeleka karibu. Ilionyesha kwamba kinachoongezeka ni bafa za sesheni, yaani sehemu za kuweka kwa muda taarifa za kila muunganisho wa lori, na kwamba zinaombwa na uzi wa kupokea. Nikausoma msimbo wa uzi wa kupokea mpaka nikaukariri. Haukuwa na kosa.

Na hapo ndipo swali lilipogeuka. Nilikuwa nimeuliza nani aliomba. Katika programu ya mkondo mmoja, aliyeomba na anayepaswa kurudisha mara nyingi wako jirani, kwenye faili moja, pengine kwenye ukurasa mmoja. Kwenye nyuzi nyingi, kitu kinazaliwa mkononi mwa mmoja, kinapitishwa kwa wa pili, na kinapaswa kufa mkononi mwa wa tatu. Zana inaniambia mzazi. Mimi nilihitaji kujua nani alipaswa kuzika.

## Pori la Mikumi

Lori likiunganisha, uzi wa kupokea huunda sesheni: soketi (ncha ya muunganisho), bafa, namba ya kifaa. Sesheni inawekwa kwenye jedwali linalolindwa na kufuli, ufunguo ukiwa namba ya kifaa. Uzi wa vipima muda nao unapewa kazi ya kuiamsha mara kwa mara ili imwage taarifa zilizokusanyika kuelekea hifadhidata. Kila ikimaliza, inajipanga tena. Pande zote mbili zinaishika kwa shared_ptr, pointa inayohesabu walioishika na kuachia memori hesabu ikifika sifuri.

Muunganisho ukifungwa vizuri, uzi wa kupokea unatafuta namba ya kifaa kwenye jedwali, unaitoa sesheni, unafuta kipima muda chake. Hesabu inafika sifuri, memori inarudi. Majaribio yetu yote yalifunga hivyo, na yote yalipita.

Sasa lori liko barabarani. Linaingia pori la Mikumi, au linapanda Kitonga, na mtandao unakatika. Kifaa hakikuaga. Seva haina habari. Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux, hata keepalive ya TCP (ukaguzi wa muunganisho kama bado u hai) ikiwa imewashwa, muunganisho uliokaa kimya hungoja sekunde 7,200 kabla ya kuanza kuuliza kama upande wa pili bado yupo mtu. Saa mbili nzima.

Kifaa hakisubiri saa mbili. Kikipata mtandao kinafungua muunganisho mpya. Sesheni mpya inaingia kwenye jedwali kwa namba ileile na kuchukua nafasi ya ya zamani. Baadaye muunganisho wa zamani unatangazwa umekufa. Uzi wa kupokea unatafuta namba ya kifaa, unakuta sesheni mpya, unatambua kwamba siyo ile iliyokufa, na unaiacha. Ulipaswa kuiacha! Ukaguzi huo uliwekwa makusudi ili kifo cha muunganisho wa zamani kisiue ule ulio hai.

Lakini kipima muda cha sesheni ya zamani hakuna aliyekifuta.

Kinaendelea kuiamsha. Sesheni inaamka, inakuta haina cha kumwaga, inajipanga tena. Njia ya kuifikia ipo, inapita kwenye foleni ya vipima muda, na inapitwa kila baada ya muda mfupi. Kwa zana zote hiyo ni memori hai kabisa. Kwa biashara ya usafirishaji ni lori ambalo halipo.

Kinachonisumbua mpaka leo kuhusu hitilafu hii ni kwamba kila mstari ulikuwa na utetezi. Uzi wa kupokea ulifanya sahihi. Jedwali lilifanya sahihi. Kipima muda kilifanya sahihi. Ungempa mkaguzi makini kila faili peke yake, angeipitisha, na angekuwa na haki.

## Kaunta mbili

Ningependa kusema niliiona kwa kusoma msimbo. Niliiona kwa kuhesabu.

Niliweka kaunta mbili. Ya kwanza inapanda sesheni inapoundwa na kushuka inapobomolewa. Ni kaunta ya atomiki, haihitaji kufuli, na haina uzito wa kupotosha mpishano wa nyuzi kama zana kubwa zinavyofanya. Ya pili ni urefu wa jedwali tu. Kwa kitambo zinaweza kutofautiana, sesheni fulani ikiwa njiani kufungwa, lakini kukitulia zinapaswa kukutana.

Hazikukutana. Tofauti ilikua kila siku, na ilikua zaidi siku ambazo malori mengi yalikuwa safarini. Nikapekua logi kuhesabu ni mara ngapi sesheni mpya ilichukua nafasi ya iliyokuwepo kwenye jedwali. Hesabu hiyo na ile tofauti zilikuwa namba moja.

Nilipoziona zimefanana nilisimama, nikaenda dirishani, nikarudi kuzisoma tena.

Kuithibitisha kulihitaji kuiga barabara. Kwenye mashine ya majaribio nilitumia iptables, zana ya Linux ya kuchuja pakiti za mtandao, kudondosha pakiti zote za mteja mmoja bila kumfunga, nikamuunganisha upya kwa namba ileile kupitia mlango mwingine, nikarudia. Kaunta zikaachana pale pale, tena kila mara. Hitilafu iliyohitaji siku kadhaa barabarani sasa ilitokea nikiwa nimekaa.

Marekebisho yalikuwa mistari michache. Kipima muda sasa kinashika weak_ptr, pointa isiyohesabiwa: kikiamka kinauliza kama sesheni bado ipo, na kama haipo kinakufa chenyewe. Na anayebadilisha sesheni kwenye jedwali ndiye anayewajibika kuifunga ile aliyoitoa. Hilo la pili ndilo muhimu zaidi kwangu, kwa sababu linataja mwenye jukumu. Pointa dhaifu peke yake ingetosha kunyoosha mstari, na ingetuacha hatujui.

Kigezo cha arena tulikiondoa baada ya hapo. Memori ilipanda, ikatulia, na kima cha chini cha usiku hakijasogea.

## "Si muwashe upya tu kila usiku?"

Niliulizwa hivyo zaidi ya mara moja, na watu ninaowaheshimu. Ni swali halali. Memori ni rahisi kuliko mshahara wa mtu anayekaa wiki kadhaa akitafuta KB chache kwa kila sesheni.

Jibu langu ni kwamba kuwasha upya kunakubalika kama umeshajua unachokiosha. Kwetu kungekuwa na madhara ambayo hakuna aliyeyafikiria: seva ikizima, malori yote yanaunganisha upya kwa pamoja, na yale ambayo mtandao wao ni dhaifu yanajaribu mara mbili tatu mfululizo. Yaani tungezalisha hali ileile inayoleta uvujaji, kila usiku, kwa wingi. Halafu ipo hoja ya pili. Zile sesheni mfu zilikuwa zikiamka. Zilichukua zamu kwenye uzi wa vipima muda, na taarifa za malori yaliyo hai zilichelewa kufika hifadhidata. Tulikuwa na malalamiko ya ramani kuchelewa ambayo tuliyapeleka kwa watu wa hifadhidata, nao wakahangaika nayo bure. Yaliisha pamoja na uvujaji.

Aina nyingine za uvujaji wa nyuzi ni rahisi kuliko huu na inafaa kuanza nazo. Uzi ulioundwa kwa pthread_create bila mtu kuungoja wala kuuachia huru huacha staki yake nyuma, kwa kawaida MB 8 za anwani. Ziko wazi kwenye /proc/PID/smaps, faili la Linux linaloonyesha memori ya programu. Foleni isiyo na kikomo kati ya mzalishaji mwepesi na mlaji mzito huonekana kwa kuhesabu urefu wake tu. Nashangaa ni programu ngapi hazihesabu hata hilo.

Sasa kijana aliyejiunga nasi karibuni amezipeleka kaunta mbili kwenye huduma yetu nyingine, iliyoandikwa kwa Java, ambayo nayo memori yake hupanda na watu wameizoea. Huko nyuzi hutumika tena na tena kuhudumia maombi, na alichowekewa uzi kwenye ThreadLocal (hifadhi ya uzi binafsi) hubaki naye mpaka mtu akiondoe au akibadilishe. Amehesabu vitu vilivyo hai upande mmoja na maombi yanayohudumiwa upande wa pili. Usiku wa manane maombi yanafika sifuri. Vitu havifiki, na ameniomba tukae naye kesho asubuhi tuchore kwenye karatasi kila kitu kinapita mikononi mwa nani.